Taarifa ya Mwenyekiti wa Tangi Kuhusu Bomba la Kuvutia Hewa

Bwana Waweru, mwenye ploti hii na mmiliki wa kiti pekee chenye mgongo katika mkutano huu. Mama Istar wa nyumba namba nne, pamoja na watoto wako pacha, Istar mwenyewe na Abdiaziz, ambao kwa umri wao wa miezi mitano ndio wajumbe wachanga kuliko wote. Bwana Melvin wa nyumba namba saba, msemaji wa wasioombwa kusema. Wapangaji wote wa nyumba nane, mliooga leo na ambao hamkuoga, na sababu tunaijua. Mzee Kisilu, mtunza ploti, uliyesimama kando ya geti ingawa benchi lina nafasi. Mbuzi wa jirani mliohudhuria bila mwaliko. Na wewe, Mheshimiwa Tangi la lita elfu tano, uliyekaa nyuma yangu ukiwa mtupu kiasi kwamba nikikohoa unanijibu: itifaki ikiwa imezingatiwa, nawasalimu kwa Kimasai, sopa. (Wachache: Epa. Mtoto mmoja analia, ananyonyeshwa, ananyamaza.)

Nasimama mbele yenu Jumapili hii ya tarehe kumi na moja Desemba, mwaka wa elfu mbili na tano, mimi Jentrix Wangila, Mwenyekiti wenu wa Kamati ya Tangi, cheo mlichonipa kwa kauli moja mwezi wa Februari kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa na digrii, nayo ni ya fizikia, na mkasema maji ni fizikia. Mkanikabidhi ufunguo wa kufuli la mfereji wa tangi. Tangu siku hiyo nimeuvaa shingoni, juu ya nguo, darasani na hata kanisani, na sitakana kwamba mara mbili nimeota naapishwa. (Kicheko kidogo. Melvin: "Endelea, Mheshimiwa, mbuzi wameanza kuchoka.")

Ajenda ya leo ni moja, na Bwana Waweru aliitangaza akiwa bado hajashuka kwenye pikapu yake: kwamba bomba la kuteremsha maji kutoka kwenye mabati hadi kwenye tangi liliibwa, kwamba kazi ya kulilinda ilikuwa ya Mzee Kisilu, na kwamba kwa hiyo jioni ya leo Mzee Kisilu atoe vitu vyake katika kile chumba cha kando ya geti, ampishe mwingine. Lakini kabla hoja hiyo haijaamuliwa, Kanuni za Kamati, ambazo niliziandika mimi na kuzipitisha mimi, zinampa Mwenyekiti haki ya kutoa taarifa isiyo na kikomo cha muda. Ndiyo hii. (Waweru anatazama saa. Kisilu anatazama chini.)

Ndugu wajumbe, katika kipindi cha robo ya mwisho ya mwaka huu, wakati taifa zima likishughulika na swali la ndizi na chungwa katika kura ya katiba, ofisi yangu, iliyoko kitandani kwangu katika nyumba namba mbili, ilibuni, ikaidhinisha na kuanza kutekeleza Mpango Mkakati wa Ujenzi wa Bomba la Kuvutia Hewa la Gari la Turbo kwa Kutumia Rasilimali Zinazopatikana Ndani ya Ploti. (Watu wanatazamana wakingoja tafsiri.)

Nitafafanua, kwa sababu uwazi ni nguzo ya uongozi wangu. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, ambayo huishindilia hewa ndani ya injini, gari dogo likapata kifua cha lori. Lakini feni hiyo haiwezi kushindilia isichovuta, na bomba linalokuja na gari kutoka kiwandani mara nyingi ni jembamba, lina mikunjo kama utumbo wa mbuzi, na huvuta hewa iliyokwisha kuchemka. Mtaalamu mwenye maono hutengeneza bomba lake mwenyewe: pana, laini ndani, lenye kona moja tu ya taratibu, linalochota hewa baridi mbali na injini, na lenye chujio mdomoni, kwa maana vumbi la Kitengela likiingia kwenye feni inayozunguka mara laki moja kwa dakika, hiyo feni tutaisoma kwenye matangazo ya vifo. (Melvin: "Sasa hapo nimeelewa." Mama Istar: "Mwalimu, hii inahusu maji?")

Inahusu, Mama Istar. Inakuja.

Upembuzi yakinifu ulifanyika katika saiba, duka la intaneti lililo karibu na stendi, ambapo nilichapisha kurasa arobaini na moja za vijana wa ng'ambo wakibishana kuhusu vipenyo vya mabomba, nikazisoma jioni zote za mwezi wa Oktoba badala ya kusahihisha mitihani ya Kidato cha Tatu, na ninyi wazazi mlioniuliza matokeo yako wapi, niliwajibu kwamba kuna changamoto za kimfumo. Mfumo ulikuwa mimi.

Baadaye nikafanya utafiti wa nyanjani. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Novemba, katika ile hoteli ya nyama choma ya barabara ya Namanga, lilisimama gari la turbo la kijivu, mali ya bwana mmoja wa Nairobi aliyejitambulisha kwangu baadaye kuwa Gakuru, ambaye wakati huo alikuwa anakula mbavu na alikuwa ameacha boneti wazi ili injini ipoe. Nilitoa futi ya fundi cherehani kwenye mkoba nikaanza kupima mdomo wa turbo. Sikuwa nimefika sentimita ya tano niliposikia sauti nyuma yangu ikisema, "Madam, unaishonea suti?" Nikamjibu, kwa heshima ya ofisi, kwamba ninatoka kwenye Kamati. Akauliza, "Kamati ya nini?" Nikasema, "Ya Tangi." Akatafuna, akafikiri, akasema, "Sawa. Lakini usiguse hapo, utaungua." Nikagusa hapo. (Kicheko. Mwenyekiti anaonyesha kidole gumba cha kulia, chenye alama.) Naomba iandikwe kwamba kipenyo kilichopatikana ni milimita sabini na sita, na kwamba takwimu hiyo ina gharama yake ya kibinadamu.

Mtaniuliza, Mwenyekiti, kwa nini turbo, wewe mwalimu wa sekondari unayetembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi? Ni swali zuri na nimelikwepa kwa wiki kumi. Kila Ijumaa jioni nikirudi shuleni kando ya lami, magari hayo hunipita yakielekea Kajiado, na dereva anapoinua mguu, linatoka lile shusho refu la hewa, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni. Mimi nikisikia sauti hiyo husimama. Nimesimama kando ya barabara ya Namanga na vitabu vya mazoezi vya watoto arobaini mkononi, vumbi likiniingia machoni, nikiwaza kwamba kitu chochote kinachoweza kupumua hivyo hakijashindwa na maisha. Basi nikaamua kujenga pumzi hiyo. Ndivyo viongozi tulivyo: tukiguswa moyoni, rasilimali za umma zianze kutetemeka. (Mnong'ono. Waweru: "Rasilimali gani?")

Nakuja, Bwana Waweru. Utekelezaji ulianza kwa kasi iliyowashangaza wadau, ambao ni mimi. Chujio lilikatwa kutoka kwenye kona ya godoro langu, likafuliwa, likalowekwa kwa oili, na hadi leo nikilala bega la kushoto liko chini kuliko la kulia. Ngao ya kuzuia joto ilitokana na mkebe wa mafuta ya kupikia, uliofunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Kiungio kilikuwa kipande cha tyubu ya lori, kizito, cheusi, chenye klipu mbili za chuma, na kuhusu kiungio hiki nataka kusema bila majivuno kwamba hakuna kiungio kama hicho kati ya Mto Athi na mpaka wa Namanga. Asilimia tisini ya mradi ilikuwa imekamilika. Asilimia kumi iliyobaki ilikuwa bomba. (Melvin: "Yaani mradi wa bomba ulikosa bomba." Vicheko.)

Kwa hiyo, tarehe ishirini na sita Novemba, siku ya Jumamosi, bomba lilipatikana. (Mama Istar: "Lilipatikana wapi?")

Lilipatikana katika hali ya kusimama.

Lilipatikana likiwa limesimama ukutani, kati ya mabati na tangi, rangi ya kijivu, kipenyo milimita sabini na sita, laini ndani, na juu yake kuna kona moja ya taratibu ambayo hao vijana wa ng'ambo wangeililia. Lilikuwa limening'inia pale miezi sita bila kupitisha hata tone, kwa sababu mvua haikuwepo, na ng'ombe walikuwa wameanza kufa kule Kajiado, na anga lilikuwa jeupe kama karatasi ya mtihani ya mtoto asiyesoma. Ofisi yangu ilifanya tathmini ya hatari. Tathmini ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai, ikaonyesha kwamba hatari ni ndogo. Nikamwita Mzee Kisilu alete ngazi.

(Watu wanageuka kumtazama Kisilu. Kisilu hatazami mtu.)

Ndiyo. Alishika ngazi. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo hotuba inaponiponyoka. Mzee Kisilu alishika ngazi kwa mikono miwili, mimi nikapanda, nikalitoa bomba, nikashuka nalo. Akaniuliza, "Mwalimu, hii tutarudisha lini?" Nikamwambia, "Jumanne, mzee. Ni kazi ya Kamati." Akaniamini, maana nilikuwa nimevaa ufunguo. Nyumbani nikalipima, nikalikata kwa msumeno wa chuma, nikaondoa kipande cha shubiri moja na nusu kwa sababu lilikuwa refu kuliko michoro.

Jumanne ilifika. Mradi ulikuwa umechelewa kwa siku moja, jambo ambalo katika viwango vya miradi ya nchi hii ni muujiza wa ufanisi. Nilikuwa katika awamu ya majaribio. Nililiweka bomba dirishani, mdomo wenye chujio ukielekea kule uwanda wa Athi upepo unakotoka, na mkia wake nikauelekeza kwenye jiko la makaa, na naomba wanahabari, kama wapo, waandike kwamba chai ilichemka dakika nne mapema. (Mama Istar, polepole: "Jumatano ilinyesha.")

Jumatano ilinyesha.

Jumatano ya tarehe thelathini Novemba, saa tisa na nusu mchana, ile mvua ambayo mnajua imekuwa ya kwanza na hadi sasa ya mwisho, ilianguka Kitengela kwa dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni mapema. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda changu kilichopungua kona, bomba liko mapajani, nafunga klipu ya pili. Matone ya kwanza yakapiga mabati. Mama Istar, ukiwa mlangoni kwako, pasipoonekana ukuta wa tangi, na mtoto mmoja begani, uliniita. Nakumbuka maneno yako. Ulisema, "Mwalimu, bomba iko sawa? Leo tunajaza."

Nikajibu, "Iko sawa." (Mama Istar anambadilisha mtoto bega.)

Nyumba yangu iko hatua kumi na nne kutoka kwenye tangi. Ngazi ilikuwa pale pale. Ningetoka mbio, ningelisukuma bomba mahali pake hata kama halifiki, ningeweka beseni, ningeweka sufuria, ningeweka kichwa changu mwenyewe chini ya mfereji wa mabati. Lakini kutoka na bomba mkononi ni kuonekana na bomba mkononi, na Mwenyekiti haonekani hivyo. Kwa hiyo nilikaa. Nilikaa dakika arobaini nikisikiliza maji yenu yakimwagika ukutani, yakichimba shimo, na mimi ni mwalimu wa fizikia, siwezi kusikia maji bila kupiga hesabu. Mabati ya nyumba nane ni mita za mraba mia moja arobaini na nne. Mvua ilikuwa milimita thelathini na tano; niliipima baadaye kwenye ndoo yangu iliyokuwa nje. Hiyo ni lita elfu tano na arobaini. Tangi letu ni lita elfu tano. Lingejaa, wajumbe. Lingejaa likabakisha lita arobaini za kuosha miguu.

(Mbuzi mmoja anasogea kwenye kivuli cha tangi. Waweru: "Ngoja. Unasema ni wewe?")

Kwa mujibu wa kifungu cha nne, Bwana Waweru, maswali ni mwishoni.

Baada ya tukio hilo ofisi yangu ilichukua hatua za haraka. Iliitisha kikao. Mlisimama hapa hapa, matope yakiwa bado mabichi, mkatazama pale juu ambapo palikuwa na uwazi, na Bwana Waweru akamuuliza Mzee Kisilu mbele yetu sote, "Bomba iko wapi?" Na Mzee Kisilu, ambaye kwa neno moja angejitoa lawamani, alisema, "Muulizeni Mwenyekiti, ndiye anaandika mambo." Alinipa nafasi kama unavyompa mtoto swali rahisi ili asiaibike. Mimi nikafungua daftari, nikapangusa miwani, nikasoma: "Bomba limepotea katika mazingira ambayo bado yanachunguzwa." Wino wa sentensi hiyo ulikuwa bado haujakauka. Nilikuwa nimeiandika nikitembea.

Tangu hapo ni siku kumi na moja. Kwa siku kumi na moja Mama Istar amepikia watoto hawa maji ya kisima cha chumvi yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda, na Istar ameharisha siku tatu. Uliniambia mwenyewe, ukaniuliza kama kuna dawa ya kutoa chumvi, na nikakueleza mchakato wa ukenekaji kwa kutumia mchoro. Kwa siku kumi na moja Mzee Kisilu amenisalimu kila asubuhi, "Habari ya kuamka, Mwalimu," na kungoja kidogo, kisha akaenda kufungua geti. Kwa siku kumi na moja bomba limelala chini ya kitanda changu limefungwa kwa leso ya kujifunga, na mimi juu yake. (Melvin, kwa sauti ya chini: "Kumbe." Mwanamke wa nyumba namba sita: "Na alikuwa anatuambia tuombe.")

Sasa, kuhusu hali ya mradi, najua Bwana Melvin atataka kuuliza gari lenyewe liko wapi, maana ni mtu wa kudadisi. (Melvin: "Nilikuwa nataka, kweli. Sijawahi kuliona.")

Ngoja niwakumbushe desturi yetu. Mmepita kule nyuma, kuelekea uwandani, mmeyaona yale mageti. Mtu akipata kipande chake cha ardhi hapa Kitengela, kabla ya msingi, kabla ya choo, kabla hata ya ua, husimamisha geti la chuma, akalipaka rangi, akatia kufuli. Pande zote mbili za geti hakuna kitu, ni nyasi na upepo, mbuzi wanapita kando bila hata kuinua kichwa. Lakini mwenyewe akija siku ya Jumapili hafuati mbuzi. Anatoa ufunguo, anafungua, anaingia, anafunga nyuma yake, anasimama katikati ya nyasi na kusema moyoni kwamba yuko nyumbani. Tumewacheka watu hao. Mimi nimewacheka kuliko ninyi nyote, nikisema hawa hawakusoma.

Basi kabla sijakaa chini, tupaze sauti kwa kauli mbiu za Kamati, ambazo nilizitunga wiki mbili zilizopita, nikiwa bado mtu wa kutunga kauli mbiu. Pumzi kwanza. (Hakuna anayeitikia.) Kamati yetu, bomba letu. (Mtoto anapiga chafya.) Uwazi, uwajibikaji, milimita sabini na sita. (Hakuna.) Asanteni.

Zimebaki shukrani. Namshukuru Bwana Gakuru, aliyeniruhusu kupima gari lake na kuungua. Nawashukuru vijana wa ng'ambo kwa kurasa arobaini na moja. Na ningependa kumshukuru mwenye gari la mradi, lakini hayupo, kwa sababu gari halipo. Sina gari. Sikuwahi kuagiza gari, sikuwahi kuwa na mpango wa kupata gari, sina leseni, na siku moja tu nilipokaa kwenye usukani wa mtu nilifunga macho. Nilijenga pua kabla ya mnyama. Maji yenu lita elfu tano yalimwagika kwa ajili ya bomba la gari ambalo halikuwahi kuwepo mahali popote isipokuwa kando ya barabara ya Namanga, Ijumaa jioni, masikioni mwangu.

Mzee Kisilu hakuiba. Mzee Kisilu alishika ngazi. Bwana Waweru, kama kuna mtu wa kutoa vitu vyake jioni hii, nyumba namba mbili haina vitu vingi. Ufunguo huu hapa, naweka juu ya meza. Na bomba hili hapa. (Mwenyekiti anainama, anatoa bomba chini ya kitambaa cha meza, bado limefungwa kwa leso.) Ni fupi kwa shubiri moja na nusu. Lakini kile kiungio cha tyubu ya lori kinatosha hiyo nafasi, na klipu mbili zitashika. Nimepima mara sita leo asubuhi, na hicho ndicho kitu pekee nilichojenga ambacho kitafanya kazi. Mzee Kisilu, naomba ngazi.

(Kisilu, bila kuondoka getini: "Ngazi iko pale iliposimama siku ile. Wa kuishika, leo utafute mwingine." Anaingia chumbani kwake, na inasikika sauti ya sanduku lake la nguo likirudishwa chini ya kitanda.)

(Mwenyekiti anaiegemeza ngazi ukutani peke yake. Inayumba. Anapanda hatua moja, anashuka. Mama Istar anamweka Abdiaziz mikononi mwa Melvin, anamweka Istar kwenye mapaja ya Waweru, ambaye hajaulizwa, anajifunga shela kiunoni na kuja kushika ngazi kwa mkono mmoja tu.)

("Panda," anasema Mama Istar. "Na ukianguka, uangukie gari lako.")